Gari ikizima barabarani ikawaka tena, haijapona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu nisome barua ya msomaji mwenzangu aliyesema gari yake huwa inazima yenyewe ikiwa kwenye mwendo, anasogea pembeni, anasubiri kidogo, anapiga ufunguo inawaka, anaendelea na safari, na akatushauri wenye gari tusiwe na presha maana ni mafuta machafu tu yanapita. Naomba nimwambie kwa upendo kabisa, ndugu yangu, gari iliyozima yenyewe ikawaka tena haijapona. Imekupa taarifa. Na mimi naandika hivi kwa sababu niliipata hiyo taarifa mara tatu, na mara mbili za kwanza niliambiwa "mama imewaka hiyo, nenda tu".

Mara ya kwanza nilikuwa na wanangu wawili nyuma, barabara imenyooka kisha inakunja kulia, nipo kama kilomita 80 kwa saa, na nyuma yangu kuna lori. Haikukohoa, haikuruka, injini ilikata tu kama mtu kazima taa. Kilichonichanganya ni kwamba redio iliendelea kuimba! Kwa hiyo sekunde ya kwanza sikuelewa kabisa kinachotokea, naona tu taa nyekundu zimejaa kwenye dashibodi, ya betri, ya oili, na gari inapunguza mwendo yenyewe. Mguu wangu kwa mazoea ukakanyaga klachi, nikiwa nimekanyaga nikaona stelingi imekuwa nzito ghafla, nzito haswa, nikashika kwa mikono yote miwili naing'ang'ania, nikakanyaga breki ikashika vizuri, nikaachia, nikakanyaga tena, nikaachia, nikakanyaga mara ya tatu, Mhariri pedeli ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Hapo ndo nikajua nimepoteza breki. Nilivuta hendibreki taratibu huku naombea, tukaishia kwenye majani pembeni, lori likapita na honi ndefu. Mwanangu mdogo akaniuliza mama tumefika?

Sasa piga hesabu, kwa 80 gari inakwenda mita 22 kila sekunde, mimi nilitumia sekunde kama tatu kushangaa tu, hiyo ni zaidi ya mita 60 nimeenda bila kufanya lolote la maana. Kilichoniuma baadaye sio kwamba gari iliharibika, vyuma vinaharibika. Kiliniuma kugundua kwamba breki zangu hazikuwa zimeharibika hata kidogo, niliziharibu mwenyewe kwa mguu wangu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Acha nieleze nilivyoelezwa. Ule wepesi wa breki hautoki kwenye mguu wako, unatoka kwenye lile dude la duara linalokaa nyuma ya pampu ya breki, mafundi wanaita busta, na busta inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini (kwenye dizeli kuna kapampu kake ka kuvuta hewa, nako kanazungushwa na injini). Injini ikikata, ndani ya busta inabaki akiba. Akiba hiyo inatosha kukanyaga mara moja, mbili, labda tatu. Kila unapoachia pedeli na kukanyaga tena unaila. Kwa hiyo injini ikikufia kwenye mwendo, kanyaga breki mara moja, kwa uthabiti, ishikilie hapo hapo, usipampu. Na hata akiba ikiisha breki bado zipo, ile mipira na maji ya breki havijaenda popote, ila itabidi ukanyage kwa nguvu zako zote, mguu mzima na mgongo umeuegemeza kwenye siti, na gari itasimama ila kwa umbali mrefu zaidi. Mimi nilivyoona ngumu nilidhani imegoma nikaachia, kumbe ndo nilitakiwa nisukume zaidi.

Stelingi hivyo hivyo. Ya mafuta inasukumwa na pampu inayovutwa na mkanda wa injini, injini ikilala na yenyewe inalala, ila usukani unakata, mzito tu. Zile za umeme zinaweza kubaki nyepesi kwa muda maana zinakula betri. Kitu ambacho usithubutu kukifanya ni kurudisha ufunguo mpaka mwisho au kuuchomoa gari ikiwa bado inatembea, hapo stelingi inaweza kujifunga na ikijifunga hakuna mjadala tena, unaenda inakokwenda.

Halafu kuna hili la klachi ambalo nililijua nimechelewa. Kama gari yako ni ya gia za mkono na imekata ikiwa kwenye gia, ukiacha klachi bila kuikanyaga, magurudumu ndo yanaizungusha injini, na injini ikizunguka hata bila kuwaka, pampu ya stelingi inazunguka na mvuto wa busta unaendelea kupatikana. Mimi nilipokanyaga klachi nikakata huo uhusiano, ndo maana stelingi ilikufa palepale. Basi iache kwenye gia, washa indiketa zote nne, angalia kioo, sogea pembeni huku inapungua, klachi utaikanyaga mwishoni kabisa inapotaka kusimama. Ila kama injini imejibana na magurudumu yanaburuza, hapo kanyaga klachi haraka. Kwa wenye oto, sukuma gia iende N (gia huru), sio P (ya kupaki), P gari ikiwa inatembea unavunja vitu ndani ya gia boksi, na ukiwa kwenye N, kama barabara imenyooka na una nafasi, unaweza kujaribu kuiwasha hapo hapo inavyoserereka. Kama hauna nafasi usihangaike na ufunguo, hangaika na pa kusimama kwanza. Watu wengi wanapata ajali wakiwa wameinama wanapiga starta.

Ikishasimama toa watu wote, watoke upande usio na magari, wakae mbali na gari, sio wakae ndani wanasubiri fundi. Pembetatu iweke mbali nyuma, hatua 50 au zaidi, na kama ni barabara ya mwendo mkali sana ambayo huwezi hata kutembea kwa usalama, achana nayo, okoa watu. Na kabla ya kujaribu kuwasha jiulize taa ya oili au mshale wa joto vilikuwaje kabla haijakata, kama taa ya oili iliwaka kwanza au ulisikia vyuma vinagonga, usiwashe kabisa, utaimaliza injini.

Anayedhani haya ni mambo ya gari kuukuu za watu wasiojali, naomba nimkumbushe sakata la General Motors kule Marekani mwaka 2014. Kampuni kubwa vile, gari zikiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, ziliitwa kurudi gari kama milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo tu. Kale kaspringi ndani ya swichi kalikuwa dhaifu, ukigonga shimo, au goti likagusa, au ukining'iniza fungu zito la funguo, swichi ilirudi nyuma yenyewe injini ikakata ukiwa kwenye mwendo, na kibaya zaidi hata mifuko ya hewa haikufunguka maana umeme wake nao umekatwa. Mfuko wa fidia uliowekwa na kampuni yenyewe ulikubali vifo 124. Vifo 124, Mhariri! Na ndani ya kampuni kuna watu walijua kuhusu hiyo swichi miaka mingi kabla. Mwanzoni gari kukata barabarani ilichukuliwa kama usumbufu kwa mteja, haikuhesabiwa kama jambo la usalama. Ndo hiyo hiyo "inawaka, nenda tu". Tangu nisome habari ile ufunguo wangu wa gari unakaa peke yake, funguo za nyumba na makufuli ziko kwenye mkoba.

Narudi kwenye gari yangu. Ile siku baada ya dakika kama 20 iliwaka kama haijawahi kuumwa. Nikaenda gereji, fundi akaiwasha ikawaka, akasema plagi zimechoka, tukabadili. Wiki mbili baadaye ikakata tena. Gereji nyingine, wakasema chujio la mafuta, tukabadili, kisha wakasema pampu, tukabadili na pampu, nikalipa. Siwalaumu sana mafundi, gari inayozima na kuwaka ndo ugonjwa mgumu kuliko yote kwa sababu ikifika gereji inakuwa nzima, na fundi akiona mteja anamwangalia anajiona lazima afungue kitu. Lakini jamani kubadilisha spea moja moja mpaka ubahatishe sio ufundi.

Mara ya tatu nilikuwa peke yangu, na safari hii sikukanyaga klachi, nilikuwa gia ya tatu nikaiacha hivyo hivyo nikaenda pembeni. Nikapelekwa kwa mzee mmoja wa makamo, mpole, hakufungua hata bonneti. Aliniuliza, "Mama, ilipokata, mshale wa RPM ulifanyaje?" (ule unaoonyesha mizunguko ya injini). Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri, nikamwambia ulilala palepale, ulienda sifuri mara moja. Akauliza, na ulikuwa umekanyaga klachi? Nikasema hapana, nilikuwa kwenye gia. Akatabasamu. Akasema kama magurudumu yalikuwa yanaizungusha injini basi mshale hauna sababu ya kulala, injini inazunguka, kama mshale unasema haizunguki basi aliyekufa ni yule anayetoa habari ya mzunguko. Sensa ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini unaozunguka.

Halafu hakubadilisha kitu. Akawasha gari, bonneti ikiwa imefungwa, akaiacha inanguruma pale kwenye jua, akavuta kigoda tukakaa. Dakika kama 35 hivi. Ikakata. Akaniambia piga starta uangalie mshale. Nikapiga, starta inazungusha vizuri kabisa, wachu wachu wachu, mshale umelala haujatikisika hata kidogo. Akasema kwenye gari kama hii ikiwa sensa ni nzima, hata kwa starta tu mshale unapanda kidogo. Akachukua kichupa cha maji akaingia chini, akamwagia taratibu kwenye kale kadude kadogo kama kidole gumba kalichochomekwa pembeni ya injini karibu na gia boksi, akasubiri kidogo, akasema piga. Ikawaka mara moja!

Kumbe ndani ya ile sensa kuna waya mwembamba sana umezungushwa, ukipata joto kwa muda unatanuka na pale ulipokatika unaachana, ukipoa unagusana tena. Kompyuta ya gari isipopata habari ya mzunguko haijui wakati wa kurusha moto wala kumwaga mafuta, inakata vyote viwili kwa pamoja, ndo maana haikohoi. Plagi mpya, chujio jipya, pampu mpya, vyote havikuwa na hatia. Sensa yenyewe ilikuwa ya bei rahisi kuliko kimoja tu kati ya hivyo.

Nikamwambia anifundishe, na akanifundisha mengi siku ile ambayo nayaandika hapa kwa sababu yatamsaidia yule msomaji. Akasema gari inayokata ghafla kama swichi, tafuta kwenye umeme, sensa ya kranki, rilei (kaswichi kanakoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo, terminali za betri zilizolegea, waya wa athi (unaounganisha betri na bodi ya gari). Inayokohoa kwanza, inaruka ruka, inakosa nguvu mlimani, halafu ndo inakufa, hiyo mara nyingi ni njaa ya mafuta, pampu inachoka au chujio limeziba. Inayokata ukifika kwenye taa au ukiachia mafuta tu, wakati kwenye mwendo haina tabu, angalia throto (mlango wa hewa ya injini) imejaa masizi, au kuna hosi ya hewa imepasuka, au ile vali ya sailensa, inayopitisha hewa ukiwa hujakanyaga mafuta, imekwama, na kwa oto kuna klachi ya ndani ya gia boksi inaweza kugoma kuachia gari ikakata kila unaposimama. Inayosumbua kila ukitoka kujaza mafuta tu, kuna vali ya mvuke wa tangi inayobaki wazi, wengi hawaijui wanalaumu kituo cha mafuta. Na ukifungua ufunguo hatua ya mwisho kabla ya starta, zima redio sikiliza nyuma, kwenye gari nyingi za petroli utasikia mlio mdogo wa pampu kama sekunde mbili, ikiwa imekata na huo mlio haupo, umeshajua pa kuanzia. Betri nayo ipimwe, injini ikinguruma inatakiwa ionyeshe kama volti 13.8 mpaka 14.5, ikiwa chini ya hapo alteneta haichaji na gari itakula betri mpaka ikufie njiani.

Kuhusu pampu aliniambia pia kitu ambacho sijawahi kukisikia, kwamba pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo sisi tunaotembea na taa ya mafuta imewaka kila siku tunaipika taratibu. Na sio kwamba pampu inakufa kwa uzembe wetu peke yake, mwaka 2020 Toyota waliita mamilioni ya gari duniani kwa sababu ya pampu za mafuta ambazo kipangaboi chake cha plastiki kiliweza kunyonya mafuta kikavimba kikakwama, gari ikakata barabarani. Kwa hiyo chukua namba ya chasisi ya gari yako, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna wito wa kurudisha gari haujafanyiwa, ni dakika tano na matengenezo yake kwa kawaida mtengenezaji ndo analipa. Nimewaambia ndugu zangu wote wafanye hivyo.

Kingine kilichonisikitisha ni mtindo wa kufuta kodi, yaani zile namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi. Gari za petroli za Marekani kuanzia za mwaka 1996 na za Ulaya kuanzia 2001 zina ile soketi chini ya usukani ya kusomea makosa, ukichomeka kimashine inakupa namba, mfano P0335 ni saketi ya sensa ya kranki. Na baadhi ya vimashine vinakuonyesha hata hali ilivyokuwa wakati kosa linaingia, mwendo, joto, mizunguko, ni kama shahidi aliyekuwepo. Sasa fundi wa kwanza alichomoa terminali ya betri kwanza kabla ya kupima, taa ikazima, akaniambia imekaa sawa. Alimfukuza shahidi! Mwenye gari usikubali taa ifutwe kabla kodi haijasomwa na kuandikwa kwenye karatasi ukapewa. Na wewe mwenyewe uwe na kidaftari, ilikata lini, imetembea muda gani, ilikuwa ya moto au baridi, mafuta yalikuwa kiasi gani, mshale ulifanyaje, ilichukua muda gani kuwaka. Kidaftari changu chenye mistari minne ndo kilimsaidia yule mzee kuliko pesa yote niliyokuwa nimeshatumia.

Ombi langu sasa, Mhariri, liwafikie walimu wa shule za udereva maana najua wanasoma gazeti hili. Tunafundishwa kuwasha gari, kuondoa gari, kupaki, kurudi nyuma kwenye vibao, hakuna siku hata moja tunafundishwa gari ikijizimia yenyewe mguu ufanye nini. Na zoezi lenyewe halihitaji hata kuondoka mlipo. Gari ikiwa imepaki sehemu tambarare, hendibreki juu, injini imezimwa, mwambie mwanafunzi akanyage breki aachie, akanyage aachie, mara nne hivi, mpaka aisikie inakuwa jiwe, kisha aishikilie imekanyagwa na awashe injini, ataisikia pedeli inazama yenyewe chini ya mguu. Isipozama, busta ina matatizo na gari iende kwa fundi.

Mwanangu mkubwa ameanza kujifunza mwezi huu na hilo ndo nililoanza nalo kabla hata hajajua gia ya kwanza iko wapi. Alivyokanyaga mara ya nne akaniangalia akasema, "Mama, imegoma." Nikamwambia haijagoma, sukuma. Akasukuma mpaka akainuka kwenye siti, mishipa ya shingo imemtoka, nikamwambia baki hapo hapo, usiachie.

Wako katika usomaji,
Mama wa watoto wawili, dereva